Skuta ya Gia, ya Mkanda au ya Betri? Ulinganisho kwa Anayetaka Kuchagua

Kabla hujaangalia rangi wala taa, inama upande wa nyuma wa skuta utazame mambo mawili: injini imekaa wapi, na nguvu yake inafikaje kwenye gurudumu. Hapo utajua kama mkono wako wa kushoto utakuwa na kazi ya kubadilisha gia siku nzima, au kazi yako itakuwa kuvuta mafuta na kwenda. Utajua kama pancha utaiziba mwenyewe kando ya barabara au utamngoja fundi. Utajua pia kama kutu ikianza utabadilisha bati moja au utakuwa umepoteza chombo chote.

Kila mpangilio kati ya hii ulibuniwa na watu waliokuwa na shida fulani, katika mwaka fulani. Ndiyo maana mimi huchagua skuta kwa kufuata historia yake. Najiuliza: aliyeibuni alikuwa anahangaika na nini, na je, mimi ninahangaika na hicho hicho?

Kusimama au kuketi

Hili nitalipita haraka. Miongoni mwa skuta za mwanzo kabisa zenye injini ni Autoped ya Marekani, iliyotoka mwaka 1915. Mwendeshaji alisimama juu ya ubao mdogo, injini ya cc 155 ikiwa juu ya gurudumu la mbele. Mhimili wa usukani ndio uliofanya kazi karibu zote: ukiusukuma mbele klachi inashika na chombo kinaondoka, ukiuvuta nyuma klachi inaachia na breki inabana. Ukifika unaulaza, unaondoka nacho. Krupp wa Ujerumani waliiunda kwa leseni, lakini mapema katika miaka ya 1920 ilikuwa imekwisha sokoni. Uzito mwingi mbele, magurudumu madogo na mtu mzima aliyesimama wima juu yake ni mambo matatu yasiyopatana na shimo la barabarani. Huko Uingereza Granville Bradshaw alikuwa ameshaweka kiti kwenye ABC Skootamota yake mwaka 1919.

Nimeitaja kwa sababu skuta ndogo za umeme za kusimama zilizojaa mijini leo ni mjukuu wa Autoped, pamoja na udhaifu wake. Kama safari yako ni dakika 10 kwenye lami laini na mwishoni utaingia na chombo ndani, itakufaa. Kwa safari ndefu zaidi ya hiyo, tafuta ya kuketi, na maneno yanayofuata ni yako.

Vespa na Lambretta

Hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu hawa wawili ndio walioipa skuta umbo tunalolijua, na kwa sababu anayetaka skuta ya zamani ya chuma lazima achague upande.

Piaggio walikuwa waunda ndege. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, kiwanda chao cha Pontedera kilikuwa kimebomolewa kwa mabomu, barabara za Italia zilikuwa zimeharibika, na watu wengi hawakuwa na fedha za kununua gari. Enrico Piaggio alitaka chombo chepesi cha bei ya chini ambacho mtu yeyote angeweza kukipanda. Jaribio la kwanza, MP5, ambalo lilipewa jina la utani Paperino, lilikuwa na kigongo katikati ya miguu na halikumridhisha. Akamkabidhi kazi Corradino D'Ascanio, mhandisi aliyetumia maisha yake kwenye ndege na helikopta, tena asiyependa pikipiki hata kidogo.

Kutopenda huko ndiko kulikozaa kazi nzuri. D'Ascanio hakuanza na pikipiki akaipunguza. Alianza na kero: cheni inayochafua nguo, tairi lenye shida kufunguliwa, mguu unaorushwa juu ya tangi kila unapopanda. Akaziondoa moja baada ya nyingine. Bodi ya bati la chuma ikawa ndiyo fremu yenyewe, hivyo nafasi ya miguu ikabaki wazi. Injini ikawekwa ubavuni mwa gurudumu la nyuma, gia zikalizungusha moja kwa moja, cheni ikatoweka. Gurudumu la mbele likashikwa na mkono mmoja wa upande mmoja, kama gurudumu la ndege ndogo. Gia zikahamia kwenye usukani. Maombi ya hataza yaliwasilishwa Florence tarehe 23 Aprili 1946. Inasimuliwa kwamba Enrico alipoona kiuno chembamba na sehemu ya nyuma iliyotuna, akasema inafanana na nyigu, na nyigu kwa Kiitaliano ni vespa. Skuta hiyo ya kwanza ilikuwa na injini ya cc 98, gia tatu, magurudumu ya inchi 8 na mwendo wa kilomita 60 hivi kwa saa.

Mwaka mmoja baadaye, 1947, Ferdinando Innocenti akaleta Lambretta, iliyopewa jina kutokana na mto Lambro unaopita kwenye mtaa wa Lambrate mjini Milan, kilipokuwa kiwanda chake. Innocenti alikuwa mtu wa mabomba ya chuma. Utajiri wake ulitokana nayo. Kwa hiyo skuta yake ikajengwa juu ya bomba. Injini ya cc 125 ikakaa katikati, kwenye mstari mmoja na magurudumu, na nafasi ya abiria ikawepo tangu toleo la kwanza. Za mwanzo zilikuwa wazi, mashine yote ikionekana; mabati ya kufunika yalikuja mwaka 1950. Kwenye familia ya Li, iliyoanza 1958, nguvu ilipita kwenye cheni iliyofungiwa ndani ya oili, ikiwa na gia nne.

Sasa zilinganishe ukiwa umezishika.

Kwa uwiano wa uzito, Lambretta inashinda. Injini ya Vespa iko upande wa kulia, na uzito huo unausikia hasa mwendo ukiwa mdogo, ingawa baada ya wiki mbili mwili unazoea. Lambretta inakaa sawa, na kwenye mwendo mkubwa inatulia zaidi. Si ajabu kwamba mwaka 1951, viwanda hivi vilipokuwa vikishindana kwa rekodi, Vespa iliyofunikwa kama risasi ilifika kilomita 171 kwa saa mikononi mwa Dino Mazzoncini, na Lambretta ya Romolo Ferri ikavuka 200. Hizo zilikuwa mashine maalumu za rekodi, usidhani ya dukani ilikaribia hapo. Toleo la TV 175 la mwaka 1962 likaongeza jambo lingine la maana: breki ya diski mbele, wakati wengine wote walikuwa bado kwenye breki za ngoma.

Kwa matengenezo ya barabarani, Vespa inashinda, tena kwa mbali. Magurudumu yake mawili yanafanana na yanafunguliwa kwa nati kama ya gari. Ukiwa na spea tairi, pancha ni kazi ya dakika chache. Gurudumu la mbele la Lambretta limeshikwa pande zote mbili, kwa hiyo lazima ekseli ilegezwe kwanza.

Kutu ndiyo hoja inayosahaulika, na kwangu ndiyo yenye uzito kuliko zote ukinunua ya zamani. Kwenye Vespa, ubao wa miguu na handaki la katikati ndivyo vinavyobeba uzito wako. Vikiliwa na kutu, si suala la sura: fremu inakufa. Piga magoti uangalie chini, bonyeza kwa kidole gumba, kisha gonga kwa mpini wa bisibisi usikilize. Mlio mzito uliokufa unaweza kuwa ni bati lililozibwa kwa mchanganyiko wa kujazia na kupakwa rangi. Lambretta ikiliwa na kutu mabatini, unafungua bati unaweka jingine, kwa sababu kinachobeba ni bomba. Bomba hilo nalo lina kasoro yake: likipinda kwa ajali, skuta itavuta upande mmoja maisha yake yote mpaka linyooshwe kwenye mashine yake.

Linabaki suala la vipuri, na hapo historia imeshaamua. Innocenti waliacha kuunda skuta mwaka 1971, na mitambo ikauzwa India, ambako kampuni ya Scooters India ya Lucknow iliendelea nayo. Vespa haikukatika. Familia ya PX iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1970 iliundwa kwa miongo kadhaa, na nje ya Italia ilikuwa na ndugu. Bajaj wa India, waliokuwa wakiunda Vespa kwa leseni tangu miaka ya 1960, walitoa Chetak yao mwaka 1972 wakaipa jina la farasi wa Maharana Pratap. Ilitakiwa kiasi kwamba kuna familia zilizongoja miaka kumi kuipata. LML wa Kanpur nao wakaunda skuta inayofuata PX karibu kipande kwa kipande. Ukinunua skuta ya gia ya ukoo huu unaingia kwenye bahari ya vipuri. Ukinunua Lambretta unaingia kwenye jamii ndogo ya wapenzi wanaosaidiana, na utahitaji subira.

Ushauri wangu hapa ni wazi. Skuta ya chuma ya kutumia kila siku: PX au ndugu zake wa India. Ya kupanda Jumapili, ya kuitunza na kuipenda: Lambretta ya familia ya Li, na hutajuta.

Inchi 10 na inchi 17

Mwaka 1958 Honda walileta Super Cub. Wengine hawaiiti skuta, kwa kuwa haina ubao bapa wa miguu na injini yake iko mbele ya miguu chini, lakini mtu anayechagua skuta lazima akutane nayo, kwa sababu ilibuniwa kushindana na shida zile zile. Soichiro Honda na mwenzake Takeo Fujisawa walitaka chombo ambacho mpeleka chakula angekiendesha kwa mkono mmoja huku mkono wa pili umebeba sinia. Ndipo ikapata klachi inayojishika yenyewe, gia za kubadilisha kwa mguu, ngao ya miguu ya plastiki, na magurudumu ya inchi 17. Kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimeundwa milioni 100. Hakuna chombo kingine chenye injini kilichofika hapo.

Zingatia hayo magurudumu. Chukua shimo lenye upana wa sentimita 20 mkato wake ukiwa mkali. Kwa hesabu ya jiometri tu, gurudumu la inchi 8 na tairi lake litazama humo karibu sentimita 2.8, la inchi 10 karibu 2.5, na la inchi 17 chini kidogo ya 2. Tofauti inaonekana ndogo kwenye karatasi. Mikononi si ndogo, kwa sababu gurudumu dogo huingia na kutoka kwa pembe kali zaidi, na pigo hilo linapanda hadi begani. Kwenye mchanga na kokoto hali ni hiyo hiyo.

Gurudumu dogo halikuchaguliwa kwa ujinga. Linaacha nafasi ya injini, kiti cha chini, ubao bapa na sanduku la mizigo. Mama aliyevaa gauni refu au fundi mwenye ndoo ya rangi atapanda skuta bila taabu, ndoo ikikaa kati ya miguu. Kwenye Cub ndoo hiyo haina pa kukaa. Kwa hiyo pima njia yako: kama nusu yake haina lami, chukua ukoo wa Cub bila kusita. Kama ni lami na mizigo midogo ya kila siku, ubao bapa utakuhudumia kuliko unavyodhani. Kuna pia wa katikati, skuta za magurudumu ya inchi 14 hadi 16 kama Honda SH, ambazo zina ubao bapa na bado zinapita juu ya mashimo kwa heshima. Nashangaa kwamba watu wengi huziruka wakati wa kuchagua.

Gia za mkono na mkanda

Huu ndio uamuzi utakaouhisi kila siku, kila kwenye taa za barabarani.

Kwenye skuta ya gia, mkono wa kushoto unabana klachi na kuzungusha mpini kwenda namba moja, mbili, tatu, nne. Kwenye skuta ya mkanda, mkono wa kushoto unashika breki ya nyuma na basi. Mkanda wa mpira unapita kwenye puli mbili ambazo kuta zake zinaweza kusogeleana na kuachana. Ndani ya puli ya mbele kuna rola, vyuma vidogo vya duara. Injini ikizunguka kwa kasi, rola zinarushwa nje na kuzisukuma kuta zikaribiane, mkanda unapanda kwenye duara kubwa, na puli ya nyuma inalazimika kufunguka. Matokeo yake ni gia inayobadilika taratibu bila ngazi. Nyuma kuna klachi yenye viatu vinavyotanuka kadiri mzunguko unavyoongezeka, ndiyo maana skuta inasimama injini ikiwaka na inaondoka bila wewe kufanya chochote.

Wengi hudhani huu ni uvumbuzi wa Wajapani wa juzi. Sivyo. Foster Salsbury wa California aliuweka kwenye skuta zake za Motor Glide mwishoni mwa miaka ya 1930, kabla Vespa haijafikiriwa. Wajapani wao walianza skuta mwaka ule ule wa 1946, na kwa sababu inayofanana na ya Piaggio: waliokuwa waunda ndege wa Nakajima, ambao baadaye wakawa Fuji, walijikuta hawana ndege za kuunda, wakatoa skuta ya Rabbit wakitumia magurudumu ya mkia wa ndege za kivita yaliyobaki ghalani. Mataifa mawili yaliyoshindwa vita, viwanda viwili vya ndege, na jibu moja. Lakini skuta ndogo isiyohitaji kujua klachi ilipata wateja wengi sana Japani kuanzia mwisho wa miaka ya 1970, pale Yamaha walipoleta Passol mwaka 1977 wakiwalenga wanawake ambao hawakuwa wamewahi kupanda pikipiki. Honda wakafuata na Tact mwaka 1980. Taiwan wakaendeleza, na leo karibu kila skuta mpya ya petroli duniani ni ya mkanda.

Ubora wa mkanda ni dhahiri kwenye msongamano. Saa moja ya kusimama na kuondoka kwa klachi ya mkono inauma kiganja, na hili si suala la uanaume wala uzoefu, ni misuli. Kwa anayejifunza, jambo moja la kufikiria linapungua, na macho yanabaki barabarani.

Lakini mkanda una gharama zake, na wauzaji hawazitaji. Kwanza, betri ikifa na kiki haipo, huwezi kusukuma skuta iwake, kwa kuwa klachi haishiki hadi injini izunguke. Ya gia unaisukuma, unaingiza namba mbili, unaachia klachi, umeondoka. Pili, kwenye mteremko mrefu mkanda unakupa msaada mdogo wa injini, na mwendo ukishuka sana klachi inaachia kabisa, unabaki na breki peke yake. Tatu, mkanda ni kitu kinacholika. Unakonda, unapata nyufa, na siku moja unakatika bila kuaga, tena ukikatika unaweza kujifunga kwenye puli. Fuata idadi ya kilomita iliyoandikwa kwenye kitabu cha mtengenezaji, usingoje dalili. Rola nazo zinapata bapa upande mmoja, skuta inaanza kuondoka kwa mtetemo na kuchelewa kuvuta. Ukisikia hivyo, usimruhusu fundi aguse kabureta kabla hajafungua kifuniko cha puli.

Ya gia nayo ina maradhi yake: kebo. Kebo za gia zinatanuka, na mpini unasema namba tatu huku injini iko mbili. Kebo ya klachi inakatika. Tofauti ni kwamba kebo ya ziada inaingia mfukoni na mtu wa kawaida anaweza kuifunga kwa spana mbili.

Kwa hiyo: safari za mjini, msongamano, watu zaidi ya mmoja nyumbani watakaoitumia, chagua mkanda. Milima mirefu, mbali na fundi, na wewe mwenyewe unapenda kushika spana, chagua gia.

Mipigo miwili na minne

Injini ya mipigo miwili inatoa nguvu kila mzunguko, ya mipigo minne kila mizunguko miwili. Ndiyo maana Vespa ndogo ya zamani inaruka taa zikiwaka kijani kuliko unavyotegemea kwa cc zake. Haina valvu za kurekebisha, sehemu zinazotembea ni chache, na fundi mzuri anaifungua kichwa na kuirudisha kwa muda mfupi.

Ila inaunguza oili pamoja na petroli. Kwenye PX isiyo na pampu ya oili unachanganya asilimia 2, yaani lita moja ya oili kwa lita 50 za petroli. Ukisahau, pistoni inakwama. Tena kuna hatari ambayo wengi hawaijui: ukishuka mlima mrefu umeachia mafuta kabisa, injini inazunguka kwa kasi huku ikipata oili kidogo mno. Vuta mafuta kidogo kila baada ya sekunde chache, au bana klachi kwa muda mfupi huku mkono mwingine uko kwenye breki.

Kilichoiua ni moshi. Sehemu ya petroli inatoka haijaungua, na sheria za hewa za Ulaya na Asia kuanzia mwisho wa miaka ya 1990 ziliifungia mlango hatua kwa hatua. Piaggio wenyewe waliweka injini ya mipigo minne kwenye Vespa ET4 mwaka 1996. Kama unaishi kwenye mji wenye masharti ya hewa, thibitisha kwanza kwamba skuta ya zamani inaruhusiwa kuingia katikati ya mji. Na kama nyumbani kuna mtu mwenye pumu, usilifikirie mara mbili: chukua ya mipigo minne au ya umeme.

Skuta kubwa

Kwa ufupi: Honda walifungua njia kwa CN250 mwaka 1986, Suzuki Burgman ikafuata 1998, na Yamaha TMAX mwanzoni mwa miaka ya 2000. TMAX ndiyo ya kuangalia, kwa sababu injini yake imefungwa kwenye fremu. Kwenye skuta za kawaida injini inapanda na kushuka pamoja na gurudumu la nyuma, na uzito huo wote unaoruka ndio unaofanya nyuma kugonga. Kama unasafiri kati ya miji, skuta kubwa ina kinga ya upepo na sanduku ambalo pikipiki haina. Kama husafiri, unabeba uzito bure kila unapoegesha.

Petroli na betri

Skuta ya umeme si ngeni. Peugeot waliuza Scoot'Elec kuanzia 1996, ikiwa na betri za nikeli na kadimiamu. Mwendo ulitosha mjini, masafa hayakutosha wengi. Betri za lithiamu ndizo zilizobadilisha hesabu. Mwaka 2015 Gogoro wa Taiwan wakaleta wazo lililoondoa kero ya kungoja: unasimama kwenye kituo, unachomoa betri zilizokwisha, unaingiza zilizojaa, unaondoka. Na mwaka 2020 Bajaj waliirudisha Chetak, safari hii ya umeme, ikiwa bado na bodi ya chuma.

Ukiilinganisha na ya petroli, ya umeme imeondoa karibu kila kitu nilichokilalamikia hapo juu: hakuna oili ya kuchanganya, hakuna kebo ya gia, na nyingi hazina hata mkanda. Ikiwa na mota ndani ya gurudumu la nyuma, sehemu zinazolika ni breki, tairi na beringi. Inavuta tangu mzunguko wa kwanza. Lakini mota ndani ya gurudumu inarudisha tatizo lile la uzito unaoruka, na kubadilisha tairi la nyuma kunahusu kufungua nyaya. Kama njia yako ni mbovu, tafuta yenye mota kwenye fremu.

Swali kubwa ni betri inajazwa wapi. Iliyofungwa kabisa ndani ya skuta inahitaji uegeshe karibu na soketi kila usiku. Anayeishi ghorofa ya nne bila maegesho hana pa kuichomeka. Ya kuchomoa na kubeba inamfaa huyo, mradi aijaribu kwanza kwa kuibeba ngazi zote. Ya kubadilisha kituoni ni nzuri kuliko zote mahali vituo vilipo, na haina maana yoyote mahali visipokuwepo. Masafa yaliyoandikwa na mtengenezaji hupimwa kwa mwendo wa upole, kwa hiyo mimi huyapunguza kwa theluthi kabla ya kuyalinganisha na safari yangu, na zaidi kama kuna milima au abiria. Ukinunua iliyotumika, usiangalie kilomita peke yake. Ijaze kabisa, iendeshe mpaka ishuke nusu, na uone umefika wapi, kwa sababu betri ndiyo sehemu kubwa ya thamani ya chombo hicho.

Kwa safari yangu mwenyewe, kilomita 14 kwenda na 14 kurudi, lami yenye mashimo, msongamano asubuhi na mzigo kidogo kati ya miguu, ningechukua ya mkanda, mipigo minne, magurudumu ya inchi 14, yenye kiki. Ningeomba kifuniko cha puli kifunguliwe mbele yangu, nione mkanda kwa macho yangu kabla sijalipa. Ningekuwa na soketi ninapoegesha, ningechukua ya umeme.